Kitoweo Kimekuwa Chakula

Mama yangu hana desturi ya kuniuliza habari za mshahara, wala hajawahi kuniuliza Marekani ikoje. Tangu nifike Houston mwaka 2009, kila Jumapili nikimpigia simu Tanga, tukishamaliza shikamoo na marahaba, swali lake ni lilelile: "Umekula, baba?" Miaka kumi na kitu nilimjibu, "Nimekula, mama," na sikumdanganya. Nilikuwa nakula kweli. Nilikuwa nakula ndani ya gari, peke yangu, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani.

Mimi ni dereva wa trela. Njia yangu ni barabara kuu namba 10, inayoipasua Texas kutoka mpaka wa Louisiana hadi ng'ambo ya El Paso, karibu kilomita 1,400. Sheria ya huku inamruhusu dereva wa mizigo kushika usukani saa 11, kisha lazima apumzike saa 10 mfululizo. Ndani ya hizo saa 11 kila dakika ina bei yake, na trela haliwezi kupita kwenye vile vidirisha vya kuuzia chakula. Unaegesha kituo cha mafuta, unaingia mbio, unachukua baga, chipsi na soda, unatoka mbio. Baga mbili kwa siku, siku tano za wiki. Sikuona ubaya. Ilikuwa tamu, ilikuwa ya moto, na ilinifikisha kituo kinachofuata.

Mwaka 2021 cheti changu cha afya kiliisha muda. Dereva wa magari makubwa hapa hupimwa, na akionekana mzima hupewa cheti kisichozidi miaka miwili. Wanapima presha, macho, masikio, halafu wanakupa kikopo cha mkojo. Nilikuwa nimezoea. Siku hiyo mpimaji alichovya kijikaratasi kwenye kikopo, akakiinua kwenye mwanga, akakilinganisha na rangi zilizochorwa ubavuni mwa chupa. Akarudia. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama kwetu kuna mtu mwenye kisukari.

Nikamwambia, "Baba yangu. Alikufa nacho."

Nilipewa cheti cha miezi mitatu na barua ya kwenda kwa daktari. Huko wakatoa damu. Kuna kipimo kinachoonyesha sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu kwa miezi mitatu hivi iliyopita. Huwezi kukihadaa kwa kujinyima siku moja kabla ya kwenda kupimwa. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Yangu ilikuwa 9.2.

Nilikaa kwenye maegesho ya kliniki muda mrefu bila kuwasha gari. Nilikuwa namkumbuka marehemu baba. Kwake ilianza kwa kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, kiatu kilimbana, akakaa nacho wiki tatu bila kumwambia mtu kwa sababu hakikumuuma. Mguu ukakatwa chini ya goti. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Mlio wa mkongojo wake kwenye sakafu ya saruji, alfajiri akienda kutawadha, naujua mpaka leo, na siku ile pale maegeshoni niliusikia kabisa.

Daktari alinianzishia vidonge vya metformin, akaniambia nitembee, nipunguze uzito, na nipunguze wanga. Kilo zangu zilikuwa 104. Hilo la wanga ndilo lililonishinda, na nataka nieleze kwa nini, maana najua wengi wetu tumekwama hapohapo.

Kwa lugha yetu, nyama ni kitoweo. Samaki ni kitoweo. Mchicha ni mboga. Vyote hivyo vinasindikiza. Chakula chenyewe ni wali, ugali, muhogo, ndizi, mkate. Ndiyo maana mtu wa kwetu anaweza kumaliza kuku nusu mzima, ukimuuliza akakwambia bado hajala. Halafu anatokea daktari anamwambia mtu huyo apunguze wanga. Masikioni mwangu aliniambia, "Usile."

Wiki za mwanzo nilikula kama mfungwa. Kifua cha kuku cha kuchemsha, kabichi, maji. Kila nilipomaliza nilijiona mtu aliyekula kitoweo akaondolewa mezani kabla chakula hakijaletwa. Wiki ya tatu nilikuwa nimerudi kwenye baga, safari hii kwa kujificha. Mke wangu alikuta risiti chini ya kiti. Hakugomba. Aliikunja, akaiweka juu ya meza mbele yangu, akaenda zake kazini. Yeye anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu ya usiku, na kila usiku anawafunga vidonda watu waliochelewa kusikia.

Kilichonigeuza kilitokea Fort Stockton, mji mdogo wa jangwani magharibi ya Texas. Wiki ile mtaalamu wa lishe alikuwa ameniwekea hesabu mezani. Mkate wa baga moja una wanga wa gramu 25 hadi 30. Kopo moja la soda la mililita 355 lina sukari ya gramu 39, karibu vijiko kumi vya chai. Nyama yenyewe haina wanga. Basi usiku ule nimeegesha, nimeweka baga mapajani, nikafungua karatasi, nikainua mkate wa juu nikaangalia kilichomo. Nyama nyembamba kama chapati. Kipande cha jibini kilichoganda. Majani mawili ya letusi yaliyolegea, vipande viwili vya matango ya siki. Nikatupa mikate yote miwili kando, nikala vilivyobaki kwa uma wa plastiki. Havikuwa na ladha. Nikashangaa: miaka yote hii nilikuwa nafuata nini? Nikachukua ule mkate wa chini nikaukwangua kwa uma, nikalamba. Ndipo nikaipata baga. Sosi yote ilikuwa imenywewa na mkate.

Nililala nikiwaza hilo. Kama utamu uko kwenye sosi, na sosi haihitaji mkate ili iwe tamu, basi ninaweza kuwa na baga yangu kwenye bakuli. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata Wamarekani wenyewe, katika karne ya 19, walikuwa wakila nyama ya kusaga iliyoitwa kwa jina la mji wa Hamburg, kwenye sahani, kwa kisu na uma, kabla ya watu kuibana ndani ya mkate. Bakuli langu lilikuwa linairudisha nyama mahali ilipotoka.

Jumapili iliyofuata niliingia jikoni. Mke wangu alikuwa amelala baada ya zamu. Nilikaanga nyama ya kusaga nusu kilo yote kwa mpigo kwenye kikaango chepesi, nikaikoroga bila kupumzika kama nasonga ugali. Ikatoa maji, ikachemka ndani ya maji yake, ikatoka ya kijivu. Sosi nilichanganya mayonezi, tomato sosi, haradali na matango ya siki niliyoyamimina pamoja na maji yake. Ikawa uji. Binti yangu, wakati huo ana miaka 11, alionja akaniambia kwa adabu, "Baba, inakaribia."

Nikarudia Jumapili ya pili na ya tatu, na sasa naweza kusema ninachokijua. Kikaango kiwe kizito, cha chuma, na kipate moto sawasawa kabla nyama haijagusa. Nyama isijazane, bora uikaange kwa mikupuo miwili. Itandaze, ikandamize kwa mwiko hadi ishike chuma, halafu iache. Dakika tatu au nne usiiguse. Sauti yake itabadilika: mwanzo inalia kwa fujo kwa sababu maji yanaruka, kisha inatulia na kuchatachata, na harufu inakuwa ya nyama choma. Ukiigeuza uikute imepiga rangi ya kahawia iliyokoza, hapo imejibu. Hiyo kahawia ndiyo ladha. Sasa tia chumvi na pilipili manga, ivunjevunje kwa mwiko, iive yote. Nyama ya kusaga haina ruhusa ya kubaki mbichi ndani kama kipande kizima. Hapa wanashauri ifike nyuzijoto 71 za Selsiasi.

Upande wa nyama ukawa umekaa sawa. Sosi ndiyo iliyoendelea kunikatalia. Ilikuwa na chumvi, ilikuwa na mafuta, lakini ilipita mdomoni bila kushika. Tomato sosi niliiondoa nilipoona kijiko kimoja cha mezani kina sukari ya karibu gramu 4. Nikaweka nyanya ya kopo badala yake. Ikapungua utamu na pengo likabaki.

Jumapili moja nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Bado mama, ndiyo napika. Nyama ya kusaga na majani."

"Na nini?"

"Hivyo tu, mama. Na sosi."

Akanyamaza. "Mwanangu, hicho ni kitoweo. Chakula kiko wapi?"

Sikuwa nimemwambia. Miezi minne nilikuwa nimemficha, kwa sababu alimuuguza baba na sikutaka kumwamshia yale. Siku hiyo nilimwambia yote: mkojo, damu, 9.2, vidonge. Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu, badala ya kulia kama nilivyoogopa, akauliza, "Hiyo sosi umetia nini?"

Nikamsomea. Mama yangu aliuza badia na viazi vya urojo barazani kwetu Ngamiani, Tanga, zaidi ya miaka ishirini, na sosi zake ndizo zilizonisomesha. Akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Ina mafuta na ina siki. Siki inakimbia. Huna uchachu wa kukaa. Tia ukwaju."

Ukwaju Houston haukosekani. Wameksiko wanautengenezea juisi, na maduka ya Wahindi ya barabara ya Hillcroft yanao wa kila namna. Niliuloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikaukamua, nikauchuja ukawa mzito kama asali. Kijiko kimoja cha chai tu. Nilipoonja nililazimika kuketi. Ilikuwa baga kabisa, na wakati huohuo ilikuwa barazani kwetu.

Jirani yangu Mmarekani alikuwa amenipa chupa ya sosi ya Worcestershire, ya Lea & Perrins, kampuni ya Uingereza iliyoanza kuiuza mwaka 1837, akisema hiyo ndiyo siri ya baga zake. Jioni ile niliigeuza nikasoma karatasi yake: siki, molasi, sukari, chumvi, vitunguu, samaki wadogo wa jamii ya dagaa, kitunguu saumu, karafuu, ukwaju. Nikaipiga picha nikamtumia mama. Ukwaju na karafuu, ndani ya chupa ya Mwingereza. Mama hasomi Kiingereza. Mdogo wangu alimsomea. Akanirudishia ujumbe wa sauti wa sekunde tatu: "Sasa si nilikwambia?"

Sosi yangu ni hii. Mayonezi vijiko sita vya mezani. Nyanya ya kopo kijiko kimoja cha mezani. Haradali vijiko viwili vya chai. Matango ya siki vijiko vitatu vya mezani, yakatwe madogo kabisa na yakamuliwe kwenye kitambaa hadi yakauke, la sivyo sosi italowa. Kitunguu maji kilichokunwa kijiko kimoja, nacho kikamuliwe. Punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa. Paprika kijiko kimoja cha chai, Worcestershire kijiko kimoja cha chai, ukwaju mzito kijiko kimoja cha chai, pilipili manga. Chumvi onja kwanza, huenda usihitaji. Ikitoka tu bakulini inakuwa na kelele, kila kitu kinasema peke yake. Ilale kwenye friji usiku mmoja. Asubuhi utaikuta imekuwa kitu kimoja.

Bakuli lenyewe ni rahisi. Letusi iliyooshwa na kukaushwa vizuri, ijae. Nyanya, kitunguu chekundu kilichooshwa kwa chumvi kama cha kachumbari, vipande vya matango ya siki, parachichi, jibini ya kukuna kidogo. Nyama ya moto juu, ili jibini ianze kulegea. Sosi mwisho. Nyama mbichi gramu 110 kwa mtu zinatosha. Bakuli hujazwa na majani, na hapo kuna jambo la kuangalia, kwa sababu nyama nyekundu kila siku nayo ina gharama yake kwenye moyo. Siku nyingine natumia kuku wa kusaga, siku nyingine maharage machache. Mkate si adui yangu. Watoto wangu wanawekewa mkate wao pembeni na sijawahi kuwaambia ni sumu. Mwili wangu ndio usioumudu.

Kinachonigusa zaidi ni meza. Jumapili jioni, kabla mke wangu hajaenda zamu, tunakaa wanne. Mabakuli yanapangwa, kila mtu anajitengenezea, sosi inazunguka. Kwa miaka mingi sikuwa nimekaa na wanangu kula chakula kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Binti yangu sasa ndiye anayekamua matango, na ana wivu nayo; hataki mtu mwingine ayaguse.

Jumatatu alfajiri naondoka na kisanduku cha barafu: nyama ya siku tatu kwenye vyombo vyake, majani peke yake yakiwa makavu, sosi kwenye chupa ndogo yenye mfuniko. Kituoni kuna tanuri la kupashia moto. Nyama dakika mbili, nageuza juu ya majani, nakula nimekaa. Nusu saa ya mapumziko ambayo sheria inanidai baada ya saa nane za usukani, zamani niliiona kama adhabu. Siku hizi nakula, kisha nazunguka uwanja wa maegesho mara tano kwa miguu.

Baada ya miezi mitatu ya bakuli kipimo kilisoma 7.4. Baada ya mwaka, 6.3, na kilo 91. Vidonge bado nameza. Daktari amepunguza dozi lakini hajaniondolea, na sitaki mtu asome haya akaamini kwamba bakuli limeniponya. Kisukari kipo. Kimefungwa kamba tu, na kamba naishika mwenyewe kila siku. Cheti changu sasa ni cha mwaka mzima.

Desemba 2023 nilikwenda Tanga. Kaka yangu mkubwa naye ana sukari, na alikuwa amekata tamaa ya chakula kama mimi wakati ule. Nilinunua nyama buchani nikasagiwa mbele yangu. Letusi nzuri sikuipata, nikakata kabichi nyembamba sana. Matango ya siki hayakuwepo, nikachukua embe bichi, nikaikata vipande vidogo, nikailaza kwenye siki na chumvi tangu asubuhi. Na kusema kweli embe iliyashinda matango. Ukwaju mama aliukamua mwenyewe, hakuniruhusu.

Kaka alimaliza bakuli akaomba la pili. Mama alikula lake na chapati, na sikumzuia. Alikuwa na miaka 74 na sukari yake ilikuwa sawa. Alipomaliza alifuta bakuli kwa kipande cha mwisho cha chapati, akatazama chini ya bakuli, akasema, "Sosi imekaa." Kisha akamgeukia kaka: "Na wewe umeshiba?"

"Nimeshiba, mama. Nimekula."

Hakumuuliza amekula na nini.

Ndugu yangu unayesoma, hasa wewe unayeshinda umeketi, dereva, mlinzi, mtu wa ofisini: kapime sukari mwezi huu, hata kama huumwi, kwa sababu baba yangu naye hakuumwa. Ukiwa tayari unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, usipunguze wanga ghafla kabla hujazungumza na daktari wako. Sukari inaweza kushuka ukaanguka. Ukisharuhusiwa, anza na sosi. Itengeneze leo jioni, uiache ilale.